Bustani ya Nyumbani kwa Pesa Ndogo: Anza na Jembe, Banda Lije Mwisho

Pesa nyingi za bustani hupotea kwenye manunuzi ya kwanza, kabla mbegu haijagusa udongo. Mtu anaona kitalu nyumba cha nailoni kwenye maonyesho, kinampendeza, anavunja kibubu na kukisimamisha uani kwake Kigamboni au Bunju. Ikifika Januari nyanya za ndani zinadondosha maua kwa joto, na jirani asiyenunua chochote anachuma matembele kila wiki. Mimi nashauri mpangilio wa kinyume: zana chache nzuri kwanza, udongo, mbegu na miche, halafu banda, na kwa mwambao banda hilo liwe la neti. Nimeandika nikimfikiria zaidi mkazi wa Dar es Salaam, ila mwenzetu wa Tanga, Unguja au Mombasa hali yake ni ileile. Wa nyanda za baridi nimemwekea maneno yake kwenye sehemu ya banda.

Hatua ya 1: Pima tuta

Andika mboga tano ambazo nyumba yenu inazila kweli, kisha pima sehemu inayopata jua angalau saa sita kwa siku. Tuta moja liwe na upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Upana usizidi mita 1.2, maana mkono wa mtu mzima ukitokea kila upande unafika katikati bila kukanyaga udongo. Matuta mawili ya kipimo hicho yanatosha kuanzia, na vipimo vyote vya mbele vinalitegemea tuta hili.

Hatua ya 2: Zana

Kwa matuta mawili unahitaji jembe, reki, panga, keni ya kumwagilia na tupa. Sururu, koleo na toroli utavihitaji siku chache tu kwa mwaka, kwa hiyo azima au kodisha. Tupa watu wengi wanaisahau, nayo ndiyo inayookoa pesa kuliko zote: jembe la kawaida lililonolewa linalima vizuri kuliko jembe la gharama lililo butu.

Kwenye jembe usiwe na haraka. Lishike kwenye tundu la mpini, liache lining'inie, uligonge kwa jiwe dogo. Chuma kizima kinatoa mlio mkali unaodumu kidogo. Chenye ufa kinatoa mlio mfu. Kisha angalia mahali tundu linapokutana na bapa. Jembe lililofuliwa vizuri, tundu na bapa ni chuma kimoja. Lililochomelewa lina mshono, na mshono huo ndio utakaokatika siku utakapokutana na mzizi wa mkorosho. Rangi mbichi hufunika mishono, hivyo muombe muuzaji ruhusa ukwaruze kidogo kwa ufunguo. Mwisho, pitisha tupa mara moja kwenye makali. Ikizama kwa urahisi mno, chuma ni laini na jembe litakuwa butu kila siku. Ikiteleza bila kung'ata kabisa, chuma ni kigumu kupita kiasi na makali yatamegeka kwenye mawe. Unatafuta la katikati: tupa ing'ate, lakini kwa kulazimisha.

Pa kununulia pako pengi kuliko duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako. Gerezani, pembeni ya Kariakoo, kuna mafundi wa chuma wanaotengeneza na kukarabati kila kitu. Kwenye mitaa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lenye ofisi mikoani, utakuta mafundi wanaofua na kuchomelea kwa oda. Nairobi, mahali pa kwenda ni Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali karibu na Gikomba. Pale keni za bati, reki na matoroli yanatengenezwa ukiwa umesimama. Mwambie fundi unataka jembe la chuma cha springi ya gari. Springi chakavu ni chuma kinachoshika makali, na mhunzi anayejua kazi yake atakuelewa mara moja. Akikuletea bati nene lililokunjwa, mshukuru uende kwa mwingine. Rahisi huvunja upishi, na hata bustani huivunja.

Usidharau jembe kuukuu. Kiwanda cha Ubungo Farm Implements, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kile cha Zana za Kilimo Mbeya vilifua majembe yaliyoenea nchi nzima. Ukikuta kwenye chuma chakavu jembe lenye mhuri wa UFI au ZZK ambalo bapa lake bado ni pana, linunue kwa bei ya chakavu, litie mpini mpya na ulinoe. Mpini nunua peke yake, au kata mwenyewe. Mti wa mpera unafaa sana: ni mgumu, hauchaniki ovyo na upo kwenye nyua nyingi. Ukate ukiwa umenyooka na hauna fundo, uukaushe kivulini wiki kadhaa, ndipo uuchonge. Mpini wa mti mbichi unasinyaa, na jembe linachomoka hewani wakati wa kulima. Ni hatari kwa anayelima na kwa mtoto aliyesimama nyuma yake.

Keni ya kumwagilia unaweza kuichelewesha. Dumu la lita 5 lililotobolewa kwenye kifuniko kwa msumari mwembamba uliopashwa moto linamwagilia kitalu cha mbegu kwa upole kuliko keni nyingi za dukani, ambazo matundu yake makubwa yanafukua mbegu. Mkasi wa kupogolea miti uutafute kwenye maduka ya mtumba wa Ulaya, yale yanayouza baiskeli na vyombo. Ujaribu kwa kukata karatasi: ukiikata bila kuikunja, makali yanakutana sawasawa.

Kuhusu wakati: bei za zana hupanda watu wanapojiandaa na mvua, yaani kuelekea masika ya Machi na vuli ya Oktoba. Nunua Juni au Julai. Au subiri Nane Nane mwanzoni mwa Agosti, kwenye viwanja vya Nzuguni Dodoma, Themi Arusha, John Mwakangale Mbeya, Morogoro na kwingineko. Faida ya Nane Nane ni kwamba watengenezaji wenyewe wapo, na siku ya mwisho wengi hawapendi kurudi na mzigo. Kwa Kenya, maonyesho ya ASK yanakupa nafasi kama hiyo, Mombasa na Nairobi.

Hatua ya 3: Udongo

Mchanga wa pwani unapitisha maji kama ungo, na mbegu bora haitafanya kitu humo. Samadi ya ng'ombe iliyooza, au ya kuku wa mayai, mara nyingi wafugaji wanafurahi kuondolewa. Utalipia magunia na usafiri tu. Ya kuku usiiweke mbichi, itaunguza mizizi. Irundike, ilowanishe, igeuze kila wiki kwa muda wa miezi miwili, na itakapokuwa haina harufu kali wala joto ndani, iko tayari. Debe moja hadi mawili kwa kila mita ya tuta ni mwanzo mzuri kwenye mchanga. Unga wa mbao usiuchanganye kwenye udongo ukiwa mbichi, kwa sababu unapooza unanyonya naitrojeni na mboga zinageuka njano. Utumie juu ya njia za kupita kati ya matuta.

Hatua ya 4: Mbegu

Mbegu zisizohitaji duka ni nyingi. Fungu la matembele la sokoni, ukibakiza vikonyo vyenye vifundo vitatu au vinne na kuvizika viwili chini, linaota. Mchaichai ununue wenye kitako chake, uutie kwenye maji siku chache hadi uchipuze mizizi. Mnanaa vilevile. Tangawizi na manjano panda vipande vyenye macho. Sukuma wiki iliyozeeka inatoa machipukizi pembeni mwa shina, na hayo ukiyang'oa na kuyapanda mahali penye kivuli yanashika. Kisamvu ni kuomba kijiti kwa jirani, ila chagua mti ambao majani yake hayajakunjamana wala kuwa na mabaka ya njano, kwa kuwa hiyo ni batobato na inasafiri na kijiti.

Kwa mbegu za kununua, jambo la kujua kabla ya kutoa pesa ni kama ni chotara au ni mbegu ya kawaida. Pakiti iliyoandikwa F1 ni chotara: inazaa sana, bei yake iko juu, na mbegu utakazotoa kwenye tunda lake hazitafanana na mama yake. Kwa hiyo kila msimu utanunua upya. Nyanya kama Tanya na Tengeru 97, ambayo jina lake limetokana na Tengeru huko Arusha kwenye kituo cha utafiti wa mboga na matunda, ni za kawaida. Unachagua tunda bora la mche bora, unavundika mbegu kwenye maji siku mbili tatu hadi ute uondoke, unaosha, unakausha kivulini, na msimu ujao hununui kitu. Kwa bustani ya kula nyumbani mimi naiona hiyo inatosha kabisa. Chotara mwachie anayelima kwa soko na kupiga hesabu ya kila kreti.

Nunua duka la pembejeo lililosajiliwa, si mbegu zilizomiminwa kwenye kijiko juani. Tanzania tafuta kwenye pakiti lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Kenya, stika ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea na mbegu, inakwaruzwa na namba yake inatumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, ujibiwe kama mbegu ni halali. Soma tarehe ya mwisho. Ukiwa na shaka na pakiti iliyobaki nyumbani, chukua mbegu 20, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu na uzikague kwa wiki moja. Zikiota 16 au zaidi, panda kawaida. Zikiota 10, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya hapo usijisumbue. Zinazobaki zihifadhi kwenye chupa inayofungwa vizuri pamoja na vipande vya mkaa mkavu, mbali na jiko.

Hatua ya 5: Miche

Wauza miche wa kando ya barabara ndio duka la bustani la miji yetu, na wengi wao wanajua kazi kuliko wanavyosifiwa. Ila mche mzuri haujulikani kwa urefu wake. Mnunuzi mgeni anachagua mrefu, na pengine wenye maua au katunda tayari, akidhani amewahi. Mche wa nyanya au hoho wenye maua ndani ya kiriba kidogo umeshakwama: umeona nafasi imekwisha na unakimbilia kuzaa kabla haujafa. Chukua mfupi, mnene shina, wenye majani manne hadi sita ya kijani kilichokolea.

Geuza majani. Inzi weupe na vidukari hukaa chini ya jani, na ukiwaleta nyumbani watakuwa wako mwaka mzima. Kisha angalia kitako cha kiriba. Mzizi mmoja mwembamba unaochungulia si tatizo. Mizizi minene iliyotoka na kuzama ardhini pale kwa muuzaji ni tatizo kubwa, hasa kwa mti wa matunda, sababu ukiung'oa unaukata mguu. Omba akufungulie kiriba kimoja uone. Ukikuta mizizi imejiviringa kufuata kiriba, mti huo utadumaa miaka hata ukiumwagilia kila siku.

Miti ya matunda ndiyo mahali pa kukubali kulipa zaidi. Mwembe wa mbegu unaweza kukuweka miaka sita na zaidi, na tunda lake hujui litakuwaje. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa kikonyo cha mti mama juu ya shina jingine, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na tunda linafanana na la mti mama. Tatizo ni wanaouza mche wa mbegu kwa bei ya kubebesha. Angalia kovu la maungio kwenye shina: lipo juu kidogo ya udongo, shina la juu na la chini mara nyingi zinatofautiana rangi au unene, na matawi yote yanaanzia juu ya kovu. Kama kuna chipukizi chini ya kovu, likate, la sivyo litameza la juu. Shina nyoofu lisilo na alama yoyote ni la mbegu, muuzaji aseme anavyosema. Uliza pia aina. Parachichi la Hass linauzwa hata Dar es Salaam, lakini ni mti wa nyanda za baridi kama Njombe, Rungwe na Kilimanjaro. Pwani utapata kivuli chake, matunda usiyategemee.

Mapapai panda mwenyewe kwa mbegu za tunda tamu ulilokula, miche mitatu kwa shimo. Yakitoa maua utatambua dume kwa maua yake yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Yang'oe, bakiza dume moja tu kwa bustani nzima. Mgomba omba chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka. Lenye majani mapana likiwa bado dogo halina nguvu, hata likitolewa bure.

Miti ya kivuli na mbao itafute kwenye vitalu vya serikali kabla ya barabarani. Taasisi za misitu, yaani TFS kwa Tanzania, KEFRI na KFS kwa Kenya, zina vitalu na bei zao kwa kawaida ni za chini. Halmashauri nyingi pia hugawa miche wakati wa kampeni za upandaji miti, kwa hiyo muulize ofisa ugani wa kata kabla masika hayajaanza. Huduma yake ni bure na watu wachache mno wanaitumia.

Hatua ya 6: Banda

Sasa kuhusu kitalu nyumba. Nailoni kazi yake kubwa ni mbili: kushika joto na kuzuia mvua isilowanishe majani. Lushoto, Njombe, miteremko ya Meru, Limuru au Kinangop, kote huko inaleta faida ya kweli, kwa sababu usiku ni baridi na mvua ndefu zinaleta bakajani chelewa kwenye nyanya. Mtu wa huko anunue nailoni iliyotiwa kinga ya jua, ya maikroni 200, iliyoandikwa hivyo kwenye roli. Nailoni ya kawaida ya kufunikia saruji inachanika vipande ndani ya miezi, na vipande hivyo hutavimaliza kuokota.

Mwambao tuna joto la kutosha bila kulinunua. Nyanya huanza kudondosha maua joto la mchana likizidi nyuzi 35 hivi, na chini ya nailoni iliyofungwa Dar es Salaam unavuka hapo kabla ya adhuhuri. Adui zetu ni jua kali na wadudu, zaidi ya yote kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, ambaye mabuu wake wanachimba jani na tunda. Dawa ya vyote viwili ni neti. Ila neti ziko aina mbili, na wauzaji wengine hawakwambii. Neti ya kivuli, nyeusi au ya kijani, inapunguza jua kwa asilimia iliyoandikwa. Kwa mboga na kitalu cha miche chukua ya asilimia 30 hadi 50, ya 80 itakupa miche mirefu myembamba isiyosimama. Neti hiyo haimzuii kantangaze hata kidogo, anapita kwenye matundu yake. Neti ya wadudu ni nyeupe na imefumwa karibu karibu. Hiyo ndiyo ya nyanya. Neti ya mbu usiitumie. Zinazogawiwa zimetiwa dawa isiyokusudiwa kwa mboga za kula, na kila iliyoko bustanini kuna mtoto anayelala bila neti.

Banda lenyewe lijengee juu ya tuta lako la mita 6. Vifaa ni hivi: nondo moja ya chuma ya milimita 8, ambayo huuzwa ikiwa na urefu wa mita 12; mabomba manne ya PVC ya robo tatu inchi, ya mita 6; neti yenye upana wa mita 4, urefu wa mita 10; na kamba.

Kata nondo vipande 14 vya sentimita 60. Kila kipande kipigilie ardhini nusu yake, pande mbili za tuta zikiwa zimeachana mita 1.2, na kila mita moja kwa urefu. Zitakuwa saba huku na saba kule. Vipande vya nondo vitakavyobaki vihifadhi, ni vigingi vya kamba. Kata kila bomba katikati upate mita 3. Chomeka ncha moja kwenye nondo ya upande huu, likunje taratibu, chomeka ncha nyingine upande wa pili. Tao litasimama kama mita 1.25 katikati, kimo cha kutosha kwa hoho, mchicha, chainizi na nyanya fupi za kichaka. Fanya hivyo mara saba, kisha bomba la nane lipasue ukate vipande vifupi vya kubanizia neti kwenye matao. Funga kamba moja juu, kutoka tao la kwanza hadi la mwisho, ukiizungusha kwenye kila tao na kuikaza kwenye vigingi vya mbele na nyuma. Bila kamba hii matao yatalala upande mmoja siku ya upepo.

Tandaza neti. Upana wa mita 4 unafunika tao la mita 3 na kuacha nusu mita kila upande. Upande mmoja uzike kwenye mtaro wenye kina cha sentimita 30, upande wa pili uukandamize kwa mifuko ya mchanga ili uweze kuufungua. Miishoni shusha neti hadi chini na kuizika vilevile. Ikibaki tundu dogo la kupita kidole, kantangaze ataliona. Kama una uhuru wa kuchagua, elekeza mwisho mwembamba wa banda upande wa kusini-kusini mashariki, kwa kuwa kusi ndio upepo mkali wa mwambao kuanzia Aprili hadi Septemba, na banda lililoupa ubavu linang'oka.

Neti ni ghali ikikatwa kwa mita. Uliza bei ya roli zima, igawe kwa mita zake, na utaona tofauti. Majirani watatu au wanne, au wanachama wa VICOBA yenu, mkinunua roli moja mnapata kila mmoja banda lake, na mnaweza pia kununua kwa pamoja bomba moja la kupulizia la lita 16 na toroli moja.

Kuna faida moja ya banda hili dogo ambayo mwenye kitalu nyumba cha nguzo za chuma anaililia: linahama. Nyanya, hoho, biringanya na viazi mviringo ni ndugu na wanagawana magonjwa, likiwemo mnyauko bakteria, ambalo hukaa udongoni miaka. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka majini baada ya dakika chache, ni huo. Ng'oa mche wote na uuchome. Chomoa nondo, osha jembe na ndoo kwa maji yenye jiki, na ulihamishie banda kwenye tuta la pili. Lile la kwanza panda mahindi, mchicha au vitunguu, na familia ya nyanya usiirudishe hapo kwa misimu kadhaa.

Msimu ukiisha, vua neti asubuhi ikiwa imelala umande, isuuze kwa maji ya sabuni ya kawaida, ikaushe kivulini na uikunje ndani ya gunia lililoning'inizwa juu, kwani panya wanapenda kuzalia humo. Mabomba ya PVC nayo yaweke kivulini. Jua ndilo linaloyafanya yakatike yanapokunjwa msimu unaofuata.